Betri ya moyo inayopiga shoti: mdogo wangu akubali ya waya, au tusubiri hizi mpya?

Mwalimu_Muheza ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, maelezo ni marefu, lakini nikiyakata mtanishauri kitu kisichokuwepo.

Nina mdogo wangu wa kunifuata ziwa, miaka 29. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Muheza, na jioni ni beki wa kulia wa timu ya mtaa. Mwezi wa tatu, kwenye bonanza, dakika kama ya sitini, alikwenda kurusha mpira. Akaushika, akaupeleka nyuma ya kichwa, akaanguka, na mpira ukamdondokea mgongoni. Hakugusana na mtu. Watu walianza kwa kucheka wakijua anapoteza muda, maana tulikuwa tunaongoza. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tofali nje ya mstari. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi ila hayanioni. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Kisha akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, akaniuliza, "Wamesawazisha?"

Baba yetu alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 38, usingizini. Mama ndiye aliyekwenda kumwamsha kwa ajili ya alfajiri. Kifo kile kilipewa majina mengi: jinamizi, kijicho cha shamba la michungwa, hata chakula cha msibani alichokula siku mbili kabla. Shangazi yetu naye alianguka njiani akitoka kisimani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutaja moyo.

Tulipewa rufaa mpaka Dar, JKCI, ile taasisi ya moyo pale Muhimbili. Eko, yaani ultrasound ya moyo, ikaonyesha ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo una unene wa milimita 31, wakati wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi 12. Akavalishwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, kikanasa vipande vya mapigo ya mbio usiku akiwa amelala fofofo. Ugonjwa ni wa kurithi. Nimepimwa na mimi, niko salama, na watoto wake wawili watakuwa wanapimwa.

Daktari hakuzunguka mbuyu: awekewe ICD, ile betri ya moyo inayokaa macho muda wote na kupiga shoti moyo ukivurugika. Aliyotueleza ni ile ya kawaida, kifaa chini ya bega na waya unaopita mshipani mpaka ndani ya moyo. Tukasema sawa. Balaa limetoka Muscat. Binamu yetu anayefanya kazi huko katutumia video tatu kwa usiku mmoja: zimetoka mpya zisizogusa moyo, za waya zimepitwa na wakati, tusikubali, tusubiri. Sasa mdogo wangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatafuta sababu ya kutokwenda, kapata sababu.

Naomba mwenye ujuzi au aliyepitia anisaidie. Hizo mpya zikoje kweli, na ni za kusubiri? Kazi ya kuchomelea itakuwaje? Mpira je? Na mama ana swali lake: siku Mungu akimwita, hiyo betri haitamzuilia roho isitoke?

Kipanga_Mzee ameandika:

Ngoja wajuzi waje. Nimetandika mkeka.

Mgosi_wa_Ngamiani ameandika:

Mgosi, pole sana. Kuhusu kifaa sijui, najua mpira. Christian Eriksen wa Denmark alianguka tarehe 12 Juni 2021 pale Copenhagen, nchi yake ikicheza na Finland. Nakumbuka wenzake walivyomzunguka kumfichia heshima. Akawekewa hiyohiyo ICD. Italia sheria zao hazikumruhusu kuichezea Inter akiwa nayo, akahamia Uingereza, Januari 2022 akasaini Brentford, na mwaka huohuo akaingia Manchester United. Kwa hiyo wapo wanaocheza.

Ila Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka Machi 2012 akiichezea Bolton, moyo ukakaa dakika 78 bila kudunda wenyewe. Alipona, akastaafu. Na Raphael Dwamena wa Ghana alikuwa amewekewa, baadaye akatolewa, Novemba 2023 akaanguka uwanjani Albania na hakuamka. Kila nikimkumbuka huyu nanyamaza. Mdogo wako asije akafika mahali pa kusema "nitoeni".

Abu_Likoni ameandika:

Mwalimu, mimi ninacho. Kiko chini ya bega la kushoto, ukinipapasa utasema nimeficha kiberiti kipana chini ya ngozi. Niliwekewa Chennai, India, mwaka 2013, baada ya shambulio la moyo lililouacha umechoka. Nilikuwa wakala wa forodha bandarini Mombasa, mtu wa kupanda ngazi na kugombana siku kutwa.

Nina shoti za aina mbili za kukusimulia.

Ya kwanza, 2016, ngazi za ofisini. Hiyo sikuisikia. Nilikuwa na faili mkononi, taa zikapungua kama umeme wa mtaa unapotaka kukatika, basi. Nilipofumbua macho nilikuwa naona viatu vya watu. Kifaa kilipokwenda kusomwa kilikuwa kimeandika kila kitu, kama karani mwaminifu: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mapigo 230 kwa dakika, kimejichaji sekunde nane, kimepiga mara moja, mapigo yamerudi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Ya pili ni 2019, kwenye feri. Nilikuwa nimesimama na watembea kwa miguu, mkono wa kushoto juu, nimeshika bomba. Teke. Wanaosema teke la punda hawajatia chumvi, isipokuwa huyu punda yuko ndani na anapiga kuelekea nje. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Kabla sijashusha pumzi, la pili. Mama mmoja akaanza kunisomea Ayatul Kursiyy. Kijana alitaka kunishika akaogopa. Mara saba, yakhe. Nilizihesabu kwa kuwa nilikuwa macho, na moyo wangu ulikuwa unadunda vizuri kabisa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Waya ulikuwa umepata ufa pale unapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Nikiinua mkono unagusa na kuachia, gusa na achia, kifaa kinasikia kelele kinadhani moyo unatetemeka. Kuung'oa wakasema ni hatari, umeshashikana na nyama, wakaniongezea mwingine pembeni yake. Kwa hiyo nina nyaya mbili moyoni, moja hai na moja maiti. Nilihamia kwa dada yangu Tudor mwaka mzima ili nisipande feri. Mpaka sasa nikipanda sishiki bomba, nasimama kama mwanajeshi.

Sikwambii haya umtishe mdogo wako. Bila ile ya ngazini, nisingekuwa hai kuipata ya feri. Ila hapo Muscat amegusa penye kidonda.

Bi_Mkunazini ameandika:

Mwalimu, hodi. Uzi huu nimeusoma kwenye basi natoka kazini, nikapitiliza kituo.

Mimi ni wa Unguja, Mkunazini, ila mwaka wa kumi na saba huu niko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako leo nimetoka nyumbani na soksi pea mbili. Vifaa vya moyo huku ni kama karafuu kwetu. Hapa Minneapolis ndipo mwaka 1957 Earl Bakken, fundi wa kutengeneza vyombo vya hospitali aliyekuwa na karakana kwenye gereji, alipomuundia daktari Walton Lillehei betri ya moyo ya kuvaliwa, ile ya kusukuma mapigo tu, na viwanda vikaota mpaka leo. Mimi niko maabara ya majaribio ya kampuni ambayo siitaji, bado nautaka mshahara. Kazi yangu nikiwaeleza nyumbani wanacheka: nalipwa kukata waya.

Yaani hivi. Waya wa kwenda moyoni unabanwa kwenye mashine inayoukunja na kuunyoosha usiku na mchana, sauti yake kama vyerehani kumi vya Darajani. Moyo unadunda kama mara laki moja kwa siku, zaidi ya milioni 36 kwa mwaka. Waya wa kukaa miaka kumi lazima ustahimili kukunjwa zaidi ya mara milioni 360, na hapo hujahesabu bega linavyopanda na kushuka. Ukiupasua chini ya darubini utaona koili za nyuzi nyembamba kuliko uzi wa kushonea kofia. Mmoja ukipata ufa, kwa macho huoni kitu. Ninachoona mimi ni mstari kwenye skrini unaanza kuchafuka, vijinywele vinatokea pale palipokuwa laini. Vijinywele hivyo ndivyo vilivyompiga Abu Likoni mara saba. Pole kaka yangu, nilipofika kwenye feri nilifunga simu kwanza.

Kwa hiyo binamu wa Muscat hakusema uongo, waya ndio kiungo dhaifu. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha uuzaji wa nyaya za Sprint Fidelis kwa sababu ya kukatika, na tayari zilikuwa zimeshawekwa kama 268,000 duniani. Ila video hazikumwonyesha kila aliyeukimbia waya alilipa nini.

Nirudi nyuma kidogo, hii hadithi naipenda na nitaisimulia mtake msitake. Aliyeanza ni Michel Mirowski, Myahudi wa Warsaw aliyekimbia kwao vita vilipoingia mwaka 1939, angali kijana. Akasomea udaktari Ufaransa, akafanya kazi Israeli. Mwaka 1966 mwalimu na mkubwa wake wa kazi, Harry Heller, akafa kwa mapigo ya mbio. Walijua yanamjia, na hapakuwa na namna ya kumlinda ila alale hospitali maisha yake yote. Mirowski akasema basi mashine ya shoti iingie ndani ya mtu. Zama zile ilikuwa ya kusukumwa kwa magurudumu! Akahamia Baltimore, akaungana na Morton Mower mwaka 1969. Wakubwa wa fani wakawabeza. Bernard Lown, aliyekuwa na jina kubwa kwa mashine ya shoti ya nje, aliandika mwaka 1972 kwamba hilo ni suluhisho lenye kasoro linalotafuta pa kutumika. Wao wakapiga filamu: mbwa kawekewa kifaa, moyo wake unavurugwa kwa umeme, anaanguka, kimya, anashtuka, anasimama, anatikisa mkia. Wabishi wakasema mbwa kafundishwa kuanguka. Ikabidi wapige nyingine inayoonyesha na mstari wa moyo.

Tarehe 4 Februari 1980, hospitali ya Johns Hopkins, kikaingia kwa binadamu wa kwanza. Aliyekipandikiza ni Levi Watkins, Mmarekani mweusi aliyekulia Alabama. Kifaa kilikuwa robo kilo, kikakaa tumboni, na kifua kilifunguliwa ili kibati kikae kwenye ncha ya moyo. Baadaye waya ukajifunza kupita mshipani, kifua kikaachwa kifungwe. Huo mshipa wa leo unaolalamikiwa ndio uliokuwa ukombozi wa jana.

Sasa hizo mpya. Ya kwanza, ya daktari Gust Bardy na wenzake, Marekani iliiruhusu mwaka 2012. Kifaa kinakaa ubavuni chini ya kwapa la kushoto, waya unalala chini ya ngozi kando ya mfupa wa kifua. Moyo haugusi, mshipa haugusi, ukiharibika kuutoa si vita. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la PRAETORIAN, watu 849 waliogawanywa kati ya aina hizo mbili. Baada ya miaka minne, matatizo ya kifaa na upasuaji yalikuwa asilimia 5.9 kwa wa chini ya ngozi na 9.8 kwa wa mshipani. Ungedhani mjadala umekwisha. Lakini shoti za bure, zile za feri, zilikuwa 9.7 kwa 7.3, na safari hii aliyezidi ni huyo mpya. Kusikiliza moyo kutoka nje ya mbavu ni kama kusikiliza ugomvi wa jirani ukutani: sauti unaipata, maneno unachanganya.

Na kwa kuwa iko mbali, lazima ipige kwa nguvu, jouli 80, mara mbili ya ile ya mshipani. Nguvu inataka betri kubwa, kwa hiyo kifaa kinafika gramu 130 na maisha yake ni miaka saba hivi. Tena haijui upole. Ile ya mshipani mapigo ya mbio yakianza hutangulia na vidundo vichache vya haraka visivyouma, kuyakatiza njiani, na mara nyingi shoti haifikiwi. Hii ya ubavuni ina rungu tu. Halafu mwenye misuli ya moyo minene kama mdogo wako mawimbi yake ya umeme huwa makubwa, kifaa kinaweza kuhesabu pigo moja mara mbili. Ndiyo maana kabla ya kuwekewa anabandikwa stika kifuani, anapimwa amelala na amesimama. Asiyefaulu kipimo hicho hapewi, hata awe na pesa za bahari.

Ya pili, Aurora ya Medtronic, iliruhusiwa Marekani Oktoba 2023. Waya unapita nyuma ya mfupa wa kifua, mbele ya moyo, bila kuingia kwenye damu. Kwa kuwa umesogea, jouli 40 zinatosha, kifaa ni gramu 77, betri inatarajiwa kukaribia miaka 12, na vidundo vya upole inavyo. Walipoijaribu chumba cha upasuaji iliuzima mtetemo wa moyo kwa asilimia 98.7 ya watu. Bila shaka hii ndiyo video aliyoipenda binamu. Lakini katika watu 299 waliotoka nayo, 29 walipigwa shoti zisizo na sababu ndani ya miezi kumi hivi. Mtu mmoja katika kumi! Siidharau, nimeishika mkononi na ni kazi ya mafundi kweli, ila kwa ndugu yangu mimi toleo hili nisingelichagua.

Ya tatu ni ya kuoanisha: kidonge cha betri kisicho na waya kinapandikizwa ndani ya moyo, kinapokea amri kutoka kwa kifaa cha ubavuni. Mkubwa akisema "msukume", mdogo anasukuma. Matokeo ya mwaka 2024 yalisema wanasikilizana kwa asilimia 98.8. Nzuri, lakini sasa ni vifaa viwili na betri mbili za kuzeeka.

Mwalimu, ukiniuliza tusubiri, nasema hapana, na nasema nikiwa mtu ninayekata waya hizo kila siku. Moyo ukianza kutetemeka, kila dakika bila shoti inakula asilimia 7 mpaka 10 ya nafasi ya kupona. Kutoka uwanja wenu mpaka mashine ya shoti iliyo karibu ni dakika ngapi? Hiyo ndiyo hesabu, si gramu na jouli. Kuamka mara moja alishakupata bure.

Badala ya kuuliza "mpya au ya zamani", siku ya kliniki muulize daktari: kompyuta ya kusoma kifaa hiki mnayo hapahapa? Watu hawalijui hili. Kila kampuni ina ya kwake, ya huyu haisomi cha yule. Kifaa kipya cha ajabu ambacho hakuna wa kukisoma karibu, kikianza kupiga ovyo saa nane za usiku utampigia nani, Muscat? Na waya utapitishwa mshipa gani? Ukipita mbali na pale mtulinga unapobana, mkunjo unapungua.

Kuchomelea si lazima aache. Miongozo ya makampuni kwa jumla ni kukaa chini ya ampia 160, kifua kiwe mbali na cheche kama sentimita 60, waya ule wenye koleo la kubana chuma abane karibu kabisa na anapochomea, nyaya azilaze pamoja asijizungushie mwilini, na sehemu isiwe na maji. Akisikia kizunguzungu aache palepale, asogee. Mageti mazito ya ampia kubwa amwachie kijana wake. Lakini kabla ya kurudi kazini amweleze daktari mashine anayotumia, ikibidi aipige picha ule ubao wake wa namba.

Na sumaku. Simu asiweke mfuko wa shati upande wa kifaa, sentimita 15 zinatosha. Spika zile kubwa za harusi asiziegemee, sumaku yake inaweza kukiambia kifaa kilale, na kitalala mpaka aondoke.

Kipanga_Mzee ameandika:

Mkeka wangu umelipa.

Mwalimu_Muheza ameandika:

Bi Mkunazini, shikamoo. Abu Likoni, shikamoo. Usiku nilimsomea yote, mpaka mbwa. Kwenye feri alinyamaza, kwenye mbwa akacheka, kwenye ampia akasema mashine yake ya kwanza ni 140, ile ya 250 ni ya kukodi kwa hiyo si yake. Nimechukulia kuwa amekubali. Binamu wa Muscat nimemtumia uzi, kajibu kwa kidole gumba tu.

Uwanja mpaka mashine ya shoti nilijaribu kuhesabu. Niliacha.

Swali la mama ndilo limebaki, na leo kaniuliza tena mara mbili. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia. Nadhani anamfikiria baba.

Bi_Mkunazini ameandika:

Marahaba mwanangu. Mwambie mama hivi, kwa maneno yangu. Betri hii haishiki roho. Inajua kitu kimoja tu, moyo ukianza kutetemeka badala ya kudunda, inaupiga urudi. Mtu akizeeka, akaugua ugonjwa mwingine, mwili ukachoka, haiwezi kumzuilia. Na akifikia hali ya kuwa hakuna tena matibabu, sehemu ya shoti inazimwa. Hakuna kisu, daktari anaweka kidude juu ya ngozi, anabonyeza kwenye kompyuta. Isipozimwa inaweza kumpiga mtu anayekata roho, na hilo ni baya kwake na kwa waliomzunguka. Kwa hiyo ni jambo la kuzungumzwa mapema, akiwa mzima, na wapewe watu wawili wa nyumbani wanaolijua. Na kabla ya kuoshwa wahakikishe imezimwa.

Baba yenu angekuwa nayo usiku ule ingempiga, angeamka na kuuliza nani kampiga.

Abu_Likoni ameandika:

Mimi mke wangu na dada yangu wanajua. Tuliyazungumza chai ya jioni, dakika tano, tukaendelea na mahamri.

Mwalimu, jingine dogo ambalo daktari atamwambia ila vijana hawasikii. Wiki sita za mwanzo mkono wa upande wa kifaa usipande juu ya bega, waya bado haujashika. Asijinyooshe, asitundike nguo, asibebe mtoto kichwani. Mimi nililala na mkono umefungwa kwa kanga. Kurusha mpira ndiyo kabisa, amwachie mwingine.

Mwalimu_Muheza ameandika:

Nimemsomea. Jumatatu tunapanda basi la saa kumi na mbili. Mama kasema anakuja, na kashafunga mkoba.

Yeye kasema mkono sawa, mpira akishamalizana na daktari tutaona. Ila kuhusu kurusha anasema tumwambie Abu Likoni ukweli: beki wetu wa kushoto hajui kurusha, kila siku anaita faulo.